Ushabiki wa Televisheni na Neno "Wetu" Mpakani: Busia na Malaba

1. Utangulizi

Uchunguzi wa lugha katika Afrika ya Mashariki umeshughulika zaidi na msemaji: asema nini, kwa lahaja ipi, mbele ya nani. Mtazamaji na msikilizaji wamepewa nafasi ndogo, kana kwamba kazi yao ni kupokea tu kile kilichokwisha kusemwa. Makala haya yanakusudia kueleza upande huo uliosahauliwa kwa kumtazama mtu mmoja mahususi, yaani shabiki wa vipindi vya televisheni, hasa michezo ya kuchekesha na maonyesho ya muziki. Mahali palipochaguliwa ni miji ya Busia na Malaba, upande wa Kenya wa mpaka wa Kenya na Uganda.

Miji hii ina sifa mbili zinazoifanya ifae kwa kazi hiyo. Kwanza, kila mmoja una mwenzake wa jina lilelile upande wa pili: kuna Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, Malaba ya Kenya na Malaba ya Uganda. Pili, ni miji ya lugha nyingi. Busia husikika Kisamia, Kikhayo na lahaja nyingine za Kiluhya, pamoja na Kijaluo. Malaba ni nchi ya Wateso, ambao lugha yao ni ya Kinailoti wala si ya Kibantu. Wasamia na Wateso wamo pande zote mbili za mpaka. Juu ya hayo kuna Kiganda kinachoingia kutoka magharibi, Kiingereza cha ofisi na shule, na Kiswahili cha soko, cha barabara na cha madereva wa malori wanaongoja kuvuka.

Hoja inayojengwa ni kwamba ushabiki wa televisheni ni tendo la lugha. Shabiki hujibu, hufasiri, huhukumu matamshi, na zaidi ya yote huamua ni nani aitwe "wetu". Mpakani uamuzi huo hauwi mwepesi. Ndiyo maana unawafaa wanaisimu.

2. Shabiki, mpenzi na mtazamaji

Inafaa kuanza na istilahi. Kiswahili kina maneno kadhaa kwa mtu anayekipenda kipindi, na maneno hayo hayana maana moja. Mtazamaji ni yeyote aliyeelekeza macho kwenye kioo. Neno hili halisemi lolote juu ya moyo wake. Mpenzi wa kipindi ana mapenzi, lakini mapenzi hayo yaweza kuwa ya kimya. Mshangiliaji hutambulikana kwa sauti yake, ila sauti hiyo hutoka wakati wa tukio tu na huisha nalo. Shabiki hukusanya yote hayo na kuongeza jambo la nne: yeye ana upande.

Jambo hilo la nne ndilo limelipa neno hili sura mbili. Katika michezo na muziki, kuitwa shabiki si aibu. Ni kama cheo. Katika siasa, ushabiki ni tuhuma: mtu akiambiwa kwamba anasema kwa ushabiki, maana yake ni kwamba ameacha kupima mambo. Sura hizi mbili hazipingani. Zote zinatokana na dhana moja ya kujifunga na upande fulani, na tofauti ni kama msemaji anakubali au anakataa kufungamana huko.

Vitenzi navyo vinaeleza. Husemwa kutazama televisheni, kuangalia televisheni, na katika mazungumzo ya kawaida kuona televisheni. Lakini kipindi cha mfululizo hufuatwa. Kitenzi "kufuata" kinadai muda na uaminifu: afuataye hukumbuka yaliyopita na kungoja yajayo. Mtu aliyekosa wiki mbili huambiwa ameachwa nyuma, sawasawa na msafiri. Kwa hiyo hata kabla ya kufika kwenye kipindi chenyewe, lugha imekwisha kumpa shabiki kazi. Hatarajiwi kuketi tu, bali kwenda na wenzake.

3. Televisheni mbili za dola mbili

Televisheni ilifika Afrika ya Mashariki pamoja na uhuru, na ilitazamiwa kuutumikia. Kenya ilianza matangazo ya televisheni mwaka 1962. Mwaka 1964 shirika la utangazaji lilitwaliwa na serikali na kuitwa Sauti ya Kenya, jina lililodumu hadi mwaka 1989 liliporudi kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya. Uganda ilianzisha televisheni yake mwaka 1963, na mwaka 2005 televisheni hiyo ikaunganishwa na redio ya taifa katika Shirika la Utangazaji la Uganda. Kwa muda mrefu kila nchi ilikuwa na kituo kimoja, na kituo hicho kilikuwa sauti ya serikali. Kituo cha kwanza cha kibinafsi nchini Kenya, KTN, kilifunguliwa mwaka 1990.

Lengo la vyombo hivyo lilikuwa wazi: kumfanya mtazamaji wa Kenya ajione Mkenya, na wa Uganda ajione Mganda wa nchi nzima, si wa kabila moja. Hata hivyo mawimbi ya televisheni hayakaguliwi kwenye kituo cha forodha. Antena iliyosimikwa juu ya mlingoti karibu na mpaka yaweza kugeuzwa kuelekea mashariki au magharibi. Katika siku ambazo televisheni zilikuwa chache, nyingi zikiwa za rangi nyeusi na nyeupe na baadhi zikiendeshwa kwa betri ya gari, watazamaji walikusanyika pale chombo kilipokuwa: katika hoteli, baa, au nyumba ya jirani mwenye uwezo. Mahali pa namna hiyo, kuchagua kituo lilikuwa jambo la kujadiliwa na watu wengi, wala si la mtu mmoja na kitufe chake.

Lugha ya vituo hivyo haikuwa moja. Upande wa Kenya, Kiswahili kilipewa nafasi pamoja na Kiingereza, na michezo ya kuchekesha iliyopendwa kuliko yote ilikuwa ya Kiswahili. Upande wa Uganda historia ya Kiswahili ilikuwa na madoa. Kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wakati wa utawala wa Idi Amin, na kwa raia wengi kilihusishwa na askari na vizuizi vya barabarani. Mwaka 2005 marekebisho ya katiba yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Katika Kenya, katiba ya mwaka 2010 ilikifanya lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Shabiki wa mpakani amekulia kati ya hadhi hizi mbili za lugha moja.

Haifai lakini kudhani kwamba mpaka hupokea tu. Neno "bodaboda", ambalo leo linajulikana katika Afrika ya Mashariki yote, linaelezwa kuwa lilizaliwa hapahapa, pale waendesha baiskeli walipobeba abiria kati ya vituo viwili vya forodha wakiita kwa neno la Kiingereza la mpaka lililolegezwa kwa ulimi wa Kibantu. Neno hilo limetoka Busia na Malaba, likaenda mijini, na sasa hurudi nyumbani kupitia taarifa za habari na nyimbo za televisheni. Mahali panapoweza kuipa kanda nzima neno moja panastahili kusikilizwa hata panapotazama tu.

4. Shabiki kama mfasiri

Utazamaji wa pamoja una desturi zake, na desturi hizo hazikuanzishwa na televisheni. Katika ngano za wenyeji wa sehemu hizi, kama katika ngano za Waswahili, msimulizi hasimulii mpaka hadhira iitikie; katika ngoma, anayeanzisha wimbo hungoja wapokeaji. Kwenye taarabu ya pwani msikilizaji huinuka na kumtuza mwimbaji, na kwa kutuza hutangaza kwamba maneno yale yamemfikia, au kwamba anayaelekeza kwa mtu fulani. Hadhira, kwa desturi hizo zote, ni sehemu ya onyesho.

Televisheni iliondoa nusu ya uhusiano huo. Mwigizaji hasikii. Lakini hadhira haikuacha kuitikia. Humwonya mhusika kwamba mkewe yuko mlangoni, humtukana tapeli, humaliza sentensi ambayo mchekeshaji huirudia kila wiki. Mtu asiyezoea huona kelele tu. Akisikiliza vizuri ataona kwamba maneno hayo hayaelekezwi kwenye kioo hasa, bali kwa wenzake walioketi. Kioo ni kisingizio. Mazungumzo ya kweli ni ya chumbani.

Mpakani mazungumzo hayo yana kazi ya ziada, nayo ni kufasiri. Kituo cha Bukedde TV, kilichoanzishwa Kampala mwaka 2009, hutangaza kwa Kiganda na kimejijengea jina kwa kuonyesha filamu za kigeni zilizowekewa sauti ya msimulizi wa Kiganda. Wasimulizi hao, ambao VJ Jingo ni mmoja wa wanaojulikana zaidi, hawatafsiri neno kwa neno. Huongeza mizaha, hutaja mitaa ya Kampala, huwapa wahusika wa Marekani au wa China tabia za majirani. Kazi kama hiyo ilifanywa kwa Kiswahili na Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya. Banda la kuonyeshea filamu hizo huitwa kwa Kiganda "ekibanda", neno ambalo mjuzi wa Kiswahili halimpi taabu. Lugha ya Kiswahili iliyokataliwa na wengi kama lugha ya askari iliingia katika Kiganda bila kelele kama jina la mahali pa starehe.

Mtu wa Busia ya Kenya asiyejua Kiganda humtegemea jirani anayekijua. Hapo filamu iliyotengenezwa kwa Kiingereza au Kichina huwa imepita katika Kiganda cha msimulizi, kisha katika Kiswahili cha jirani, na pengine katika Kisamia au Kiteso cha mtu wa tatu anayemweleza mzee. Kila hatua hupoteza jambo na kuongeza jambo. Shabiki halisi ndiye anayejitolea kubeba mzigo huo, maana ushabiki haufurahiwi peke yake. Kicheko kisichoeleweka na aliye karibu ni nusu kicheko. Kiswahili, ambacho mara nyingi hakikuwa lugha ya kipindi, huwa lugha ya kukizungumzia kipindi. Nafasi hiyo haikutolewa na sheria yoyote ya nchi mbili hizi. Imetolewa na hamu ya watu ya kucheka pamoja.

5. Lafudhi kwenye kioo

Ushabiki hufikia kina chake pale shabiki anapojiona mwenyewe. Michezo ya kuchekesha ya televisheni ya Kenya imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya lafudhi. Katika Vitimbi na Vioja Mahakamani, wahusika walitambulikana kwa Kiswahili chao kabla ya kutambulikana kwa matendo yao. Mzee Ojwang', aliyependwa na vizazi viwili vya watazamaji, alisema Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Aliyemwigiza, Benson Wanjau, ambaye alifariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Mfano huo unathibitisha kwamba lafudhi kwenye kioo ni vazi. Inaweza kushonwa, kuvaliwa na kuvuliwa, na fundi wake hahitaji kuzaliwa nayo.

Kwa watu wa Busia, hata hivyo, kipindi kilicho karibu zaidi ni Papa Shirandula, kilichoonyeshwa na Citizen TV kwa zaidi ya miaka 10. Mhusika mkuu ni bawabu. Nyumbani amemwambia mkewe Wilbroda kwamba ana kazi ya ofisini. Hutoka asubuhi amevaa suti, kisha hubadili na kuvaa sare ya ulinzi afikapo kazini. Aliyebuni na kuigiza sehemu hiyo, Charles Bukeko, alikuwa mtu wa Busia. Alifariki tarehe 18 Julai 2020 na kuzikwa nyumbani kwao katika Kaunti ya Busia. Lafudhi yake ya Kiluhya haikuwa vazi la kuazima.

Lafudhi hiyo ina kanuni, na kanuni hizo ni za kiisimu wala si za kimzaha. Katika lahaja nyingi za Kiluhya vipasuo ghuna, yaani b, d na g kama zinavyotamkwa katika Kiswahili, hutokea baada ya nazali tu. Mahali pengine lugha hutumia p, t na k, au hutumia sauti laini ya midomo ambayo si b kamili. Msemaji anapokisema Kiswahili kwa mfumo wa lugha yake ya kwanza, "baba" huwa "papa", "kidogo" huwa "kitoko", "bado" huwa "pato". Hapo ndipo mchekeshaji anapopata mali yake, kwa sababu Kiswahili kina jozi nyingi za maneno zinazotofautishwa na mghuno peke yake: goti na koti, damu na tamu, bata na pata. Mtu akisema kwamba koti linamuuma, hadhira hucheka. Lakini aliyesema amefuata sarufi yake barabara.

Neno "ndugu" ni kipimo kizuri zaidi. Kwa kanuni iliyotajwa, d inayofuata nazali itabaki, na g iliyo kati ya irabu mbili itageuka. Matokeo ni "nduku". Mwigizaji wa mbali anayedhani kwamba Mluhya hubadili kila d kuwa t atasema "ntuku", na hapo atakuwa amejifichua. Shabiki wa Busia hahitaji kusoma fonolojia ili ahisi kasoro hiyo. Atasema kwamba huyu anaigiza tu, huyu si wa kwetu, au kwamba anatia chumvi. Maneno hayo ni hukumu ya kiisimu iliyotolewa bila istilahi, na mara nyingi ni sahihi kuliko ya mtaalamu aliyeisikia lugha hiyo vitabuni. Vivyo hivyo mtu aliyelelewa karibu na Wajaluo hujua kwamba mwigizaji wa lafudhi hiyo hana budi kusema "sida" mahali pa "shida", na kwamba akiisahau mara moja vazi limemvuka.

Hapa lipo jambo zito ambalo kicheko hulifunika. Ikiwa lafudhi ni vazi, yafaa kuuliza imevishwa nani. Msomaji wa habari husema Kiswahili sanifu au Kiingereza. Katika mahakama ya kuigiza, lugha ya hakimu hukaribia usanifu, na lafudhi nzito huachiwa washtakiwa na mashahidi. Bawabu, mpishi, mtumishi wa nyumbani na mzee mshamba ndio wenye lafudhi. Mtoto wa Busia anayetazama kwa miaka mingi hufundishwa, bila mtu yeyote kusimama mbele yake na kumfundisha, kwamba sauti ya baba yake ni sauti ya mlangoni, na kwamba ndani ya ofisi husemwa namna nyingine. Akifika shuleni husahihishwa kwa namna inayotia muhuri somo hilohilo.

Lakini kipindi cha Papa Shirandula hakiishii hapo, na ushabiki wa watu wa mpakani unaonyesha kwamba walikisoma kwa undani zaidi. Kichekesho chake hakitokani na lafudhi peke yake, bali na suti. Mhusika anaona haya juu ya kazi yake, wala haoni haya juu ya ulimi wake. Husema kwa lafudhi ileile akiwa na suti na akiwa na sare. Kinachobadilika ni nguo, na nguo ndiyo uongo. Sauti ndiyo kweli inayobaki. Mtazamaji aliyeacha kijiji akaenda Nairobi kulinda mlango wa mtu, na akarudi likizo akiwa amevaa koti zuri kuliko kipato chake, anaijua hadithi hiyo. Acheke asicheke, hachekwi.

Upo pia upande wa Uganda. Kwa mtazamaji wa ng'ambo ya mpaka aliyerithi hofu ya Kiswahili cha askari, mhusika huyu huleta Kiswahili kingine katika sare nyingine: sare ya mlinzi asiye na bunduki, anayedanganya kwa sababu ya haya, anayemwogopa mkewe. Ni vigumu kuiogopa lugha baada ya kuicheka kwa namna hiyo.

6. Muziki na mipaka ya "wetu"

Michezo ya kuchekesha humfanya shabiki atambue. Maonyesho ya muziki humfanya achague. Mfano bora ni Tusker Project Fame, shindano la uimbaji lililoanza mwaka 2006 na kuwakusanya vijana wa nchi za Afrika ya Mashariki katika nyumba moja, wakiimba kila wiki mbele ya waamuzi na kupigiwa kura na watazamaji kwa simu. Washindi wake walikuwa Valerie Kimani wa Kenya mwaka 2006, Esther Nabaasa wa Uganda mwaka 2008, Alpha Rwirangira wa Rwanda mwaka 2009, Davis Ntare wa Uganda mwaka 2010, Ruth Matete wa Kenya mwaka 2012 na Hope Irakoze wa Burundi mwaka 2013. Kwa hatua hiyo televisheni ilirudisha, kwa bei ya ujumbe mfupi, lile ililokuwa imeliondoa: hadhira iliweza tena kumfikia mwimbaji. Kura ilikuwa namna ya kutuza.

Shindano lilipangwa kwa mataifa. Kila mshiriki alitambulishwa kwa nchi yake, na ilitazamiwa kwamba Mkenya atampigia Mkenya na Mganda atampigia Mganda. Ndani ya nchi, mbali na mpaka, neno "wetu" lilifuata mpango huo bila shida. Mpakani lilikuwa na kazi ngumu zaidi. Kiambishi kimilikishi "-etu" hakina maana mpaka ijulikane "sisi" ni akina nani, na katika Busia na Malaba wapo "sisi" wengi.

Angalau matumizi manne yaweza kutofautishwa. La kwanza ni "wetu" wa nchi: msemaji hujitambua kwa kitambulisho chake, na mshiriki wa Uganda ni wa jirani hata akiimba vizuri. La pili ni "wetu" wa damu: Msamia au Mteso wa Kenya humwita wetu mtu wa Uganda mwenye jina la ukoo linalofahamika, na hapo mstari wa forodha haupo. La tatu ni "wetu" wa lugha: mwimbaji wa nchi yoyote aimbaye kwa lugha ambayo chumba kizima kinaielewa. La nne ni "wetu" wa sikio: yule aliyependwa tangu wiki ya kwanza, akateuliwa na shabiki kama mtu anavyochagua timu, na ambaye kuanguka kwake huombolezwa bila kuuliza alikotoka.

Tumizi la tatu linahitaji maelezo, maana ndilo linalogusa Kiswahili moja kwa moja. Jose Chameleone ni mwimbaji wa Uganda, lakini alianza kupata jina kwa kurekodi Nairobi, na nyimbo zake kadhaa, kama vile "Jamila" na "Kipepeo", zina majina ya Kiswahili. Bebe Cool naye, Mganda, alipitia studio za Nairobi. Video za nyimbo zao zilionyeshwa na vituo vya nchi zote mbili. Kiswahili cha nyimbo kama hizo si cha kamusi. Upatanisho wa ngeli hulegea, na maneno ya Kiganda huingia bila kubisha hodi. Msahihishaji angekuwa na kazi nyingi. Lakini shabiki wa mpakani hakupata wimbo ulioharibika. Alipata mtu wa ng'ambo aliyetoka kwao akaja kuimba kwa lugha ya sokoni, lugha ambayo yeye shabiki huitumia kila siku kwa uhuru uleule. Aliitambua lugha yake, akamwita mwimbaji wetu.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba matumizi hayo manne hayakai kwa watu wanne tofauti. Yumkini mtu mmoja akayapitia yote katika jioni moja. Ataanza na nchi yake, mshiriki wake ataondolewa, atahamia kwa wa damu. Huyo naye akitoka, atakumbuka kwamba tangu mwanzo sikio lake lilikuwa kwa Mnyarwanda. Wenzake watamcheka kwa kuhamahama. Atajibu kwamba wote ni wetu. Jibu hilo si kukwepa. Ndiyo sarufi ya mahali pale.

7. Wajibu wa wachunguzi

Mambo yaliyoelezwa yana faida tatu kwa wanaofundisha na kuchunguza lugha za Kiafrika. Ya kwanza ni ya data. Mazungumzo ya mashabiki mbele ya televisheni ni hazina ya Kiswahili cha mpakani kinachosemwa bila woga wa kusahihishwa. Mahojiano rasmi humfanya msemaji avae suti. Mchezo unaompendeza humfanya aivue. Anayetaka kujua jinsi Mteso anavyotumia ngeli za Kiswahili, ilhali lugha yake mwenyewe hugawa majina kwa jinsia za kike, kiume na isiyobainishwa, atapata mengi zaidi katika saa moja ya ubishi juu ya mwimbaji kuliko katika hojaji.

Faida ya pili ni ya nadharia. Imezoeleka kueleza kuenea kwa Kiswahili kwa biashara, dini, jeshi, shule na sera. Mifano ya Busia na Malaba inaonyesha njia nyingine, ya furaha. Lugha ya kusimulia na kubishania kipindi huenea hata pale kipindi chenyewe kilipokuwa cha lugha nyingine. Sera ya Uganda ya mwaka 2022 itahitaji walimu na vitabu. Lakini katika miji ya mpakani itawakuta watu ambao tayari wamekwisha kukizoea Kiswahili kwa kucheka nacho, na itakuwa hasara kuwaanza kama wasiojua kitu.

Faida ya tatu ni ya maadili ya kazi yenyewe. Usanifishaji wa Kiswahili umeleta mema mengi, na hakuna anayedai kwamba mtihani uandikwe kwa lafudhi. Lakini kuna tofauti kati ya kumfundisha mtoto kutofautisha goti na koti, na kumfundisha kwamba asiyetofautisha ni mjinga. La kwanza ni fonolojia. La pili ni dharau, na televisheni imekwisha kuisambaza ya kutosha bila msaada wa chuo. Mwalimu anayejua kwamba "nduku" ina kanuni atamsahihisha mwanafunzi kwa heshima, na huenda akautumia mchezo anaoupenda mwanafunzi huyo kumwonyesha kanuni hiyo.

8. Tamati

Makala haya yameeleza kwamba shabiki wa televisheni mpakani si chombo tupu kinachojazwa na vituo vya Nairobi na Kampala. Yeye ni mwitikiaji, kwa desturi za kale za ngano na ngoma; ni mfasiri, kwa sababu kioo husema lugha nyingi kuliko azijuazo mtu mmoja; ni mwamuzi wa matamshi, kwa sikio lililolelewa na lugha za nyumbani; na ni mwenye kuchora upya, kila juma, mpaka wa neno "wetu".

Mitambo inabadilika. Kenya na Uganda zilianza kuzima matangazo ya analogia kati ya mwisho wa mwaka 2014 na mwaka 2015, na leo ving'amuzi vya kulipia huuzwa na kulipiwa kwa nchi, kila upande na kifurushi chake. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais wa nchi hizi mbili mwezi Februari 2018, kurahisisha kuvuka kwa watu na mizigo. Yaani barabara inafunguliwa huku kioo kikielekea kugawanywa, na simu ya mkononi inampa kila mtu kioo chake peke yake. Swali lililo mbele ya wachunguzi ni kama mazungumzo ya chumbani yatadumu chumba kinapopungua watu. Litajibiwa na watakaokwenda Busia na Malaba, wakaketi nyuma, wakaacha kutazama kioo na kuwasikiliza wanaokitazama.